Ukuta wa Vifuniko: Namna Mtaa Mzima Unavyoweza Kutengeneza Picha Moja

Kazi ya kwanza tuliyoifanya mtaani kwetu, hapa Moshi upande wa Pasua, ilikuwa twiga wa chupa za plastiki. Tulikuwa watu watatu na mgeni mmoja aliyekuja kujitolea. Tulichora sisi, tukajenga sisi, majirani wakaleta chupa. Twiga alipendeza kweli. Baada ya wiki chache chupa zikaanza kupungua kuanzia miguuni, na masika yalipoingia ilibaki fremu ya nondo tu, nayo ikaondoka usiku mmoja. Kuibiwa hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza twiga kaenda wapi.

Kazi ya pili ni picha ya ukutani yenye vifuniko 6,400 vya chupa za plastiki, na hiyo bado ipo. Safari hii tulihakikisha kila nyumba iliyoshiriki ina kipande chake, kipande ambacho mtoto anaweza kumwonyesha mgeni kwa kidole na kusema "hiki ni cha kwetu". Hatua zote hapa chini zimepangwa ili mfike hapo.

Hatua ya 1: Kikao kabla ya kuokota chochote

Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa. Muombe dakika kumi kwenye mkutano, au subiri Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, watu wakiwa tayari nje na mafagio na reki. Mimi napenda zaidi siku ya usafi, kwa sababu vitu unavyovizungumzia vimelala pale pale kwenye mtaro na kila mtu anaviona.

Usiende na mchoro. Nenda na swali: "Ule ukuta tuuwekee nini?" Ukifika na mchoro uliokamilika watakupigia makofi, watakuitikia "sawa mwalimu", na kuanzia hapo kazi itakuwa yako peke yako mpaka mwisho.

Waite mama lishe, vijana wa kijiwe cha bodaboda, fundi cherehani, fundi wa kuchomelea, wazee, watoto wa shule. Waite pia waokota makopo, ambao karibu kila mradi wa aina hii huwasahau. Wao ndio wanaojua chupa zinapatikana wapi na siku gani, na wanaishi kwa kuziuza kwa kilo. Mkianza kukusanya chupa mtaa mzima bila kuwashirikisha, mnawanyang'anya chakula cha jioni huku mkijiita watunza mazingira. Kwetu tulikubaliana nao hivi: chupa zinabaki zao, sisi tunachukua vifuniko tu, na vile wanavyotuletea wao tunavinunua kwa kilo, bei ikizidi kidogo ile ya kwenye mizani. Kifuniko kina gramu 2 hivi, kwa hiyo vifuniko vyote 6,400 ni kama kilo 13. Hela yenyewe si kubwa, lakini heshima yake ni kubwa.

Panga chai na maandazi kwa kila siku ya kazi. Usiahidi posho ambayo huna.

Kabla hamjatawanyika, andikeni muhtasari wa kikao na watu wasaini. Ndani yake pawe na majibu ya maswali haya: picha ni mali ya nani, akitokea mtu anataka kuinunua ataongea na nani, na je, watoto wanaweza kupigwa picha wakiwa kazini (mzazi aulizwe, mtoto mmoja mmoja). Mambo haya yakiandikwa mapema hayagombanishi watu baadaye.

Hatua ya 2: Ukuta na ruhusa

Ruhusa iwe ya maandishi, hata kama mwenye ukuta ni shemeji yako. Kama ni ukuta wa ofisi ya mtaa, shule au zahanati, barua ipitie kwa mtendaji.

Angalia ukuta unatazama wapi. Tuko karibu na Ikweta, jua la mchana linapita juu juu, kwa hiyo kuta zinazotazama mashariki na magharibi ndizo zinazochomwa asubuhi na jioni. Plastiki ikichomwa na jua mwaka hadi mwaka inapauka, kisha inakuwa kavu na kuvunjika ukiigusa. Tafuta ukuta unaoutazama Mlima Kilimanjaro au unaoupa mgongo, yaani unaotazama kaskazini au kusini, wenye bati lililotokeza vizuri juu yake. Ukikosa kabisa, wa mashariki una nafuu, maana hapa asubuhi nyingi mawingu huchelewa kutawanyika.

Hatua ya 3: Picha, na ubishi wake

Hapa msikimbilie kumaliza. Sisi tulitumia vikao vitatu, na ninavikumbuka kuliko siku yenyewe ya kupandisha picha.

Kwenye kikao cha kwanza mzee mmoja alisimama akasema takataka haiwezi kuwa sanaa, tutauaibisha mtaa. Nilimweleza kwamba Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya ubao mgumu na rangi za baiskeli, vitu alivyoweza kuvipata, na leo watu wanavuka bahari kununua michoro ya aina hiyo. Mzee hakujibu, lakini kikao cha pili alikuja, akakaa mbele.

Mapendekezo yalikuwa mengi. Wapo waliotaka mgomba na kahawa. Vijana walitaka pikipiki. Mama mmoja alitaka jani la sale, kwa sababu kwa Wachaga sale ndilo unalolipeleka ukienda kuomba msamaha, na mtaa wetu ulikuwa umetoka kwenye ugomvi wa mpaka. Mwishowe tukakubaliana: Kibo na Mawenzi, vilele vya Kilimanjaro, nyuma, migomba chini, jani la sale kila pembe, na pikipiki moja ndogo njiani. Bodaboda walishangilia.

Kisha ukaja ubishi wa theluji. Yule mzee alisema Kibo ichorwe kama alivyoiona utotoni, nyeupe mpaka mabegani. Vijana wakasema hapana, ichorwe kama ilivyo sasa. Ni kweli kwamba zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo kileleni mwaka 1912 imeshatoweka. Watu walibishana karibu saa nzima, na nilijizuia kuingilia. Aliyelitatua ni binti wa darasa la sita: theluji iliyobaki tuweke vifuniko vyeupe, na pale ilipoyeyuka tuweke vifuniko visivyo na rangi, vile vinavyopitisha mwanga, ili aliyeijua zamani aione na asiyeijua aulize.

Mimi nisingelifikiria jambo hilo, na mchoraji yeyote wa kuajiriwa asingelijua lina uzito gani kwa yule mzee. Ndiyo sababu nakuomba ukae kimya kwenye vikao hivi kadiri unavyoweza. Kazi yako ni kuandika walichosema na kuwarudishia swali.

Hatua ya 4: Hesabu

Plaiwudi moja ni futi 4 kwa 8. Ikikatwa vizuri inatoa vibao 8 vya futi 2 kwa 2, yaani sentimita 61 kila upande. Kifuniko cha chupa ya maji kina upana wa karibu sentimita 3, kwa hiyo kibao kimoja kinabeba mistari 20 ya vifuniko 20, jumla 400, na pembeni inabaki nafasi kidogo. Plaiwudi mbili ni vibao 16. Ukivipanga vinne kwa vinne unapata picha ya karibu mita mbili na nusu kila upande, yenye vifuniko 6,400.

Nunua daftari la hesabu lenye viboksi. Kila kiboksi ni kifuniko kimoja. Gundisha kurasa pamoja mpate viboksi 80 kwa 80, mchoraji wa mtaa aichore picha juu yake kwa penseli, kisha mjaze kila kiboksi herufi ya rangi: B bluu, W nyeupe, K kijani, na kadhalika. Halafu kata karatasi hiyo vipande 16 vya viboksi 20 kwa 20, na nyuma ya kila kipande andika namba na mshale unaoonyesha juu ni wapi. Usipoweka mshale mtajuta. Kibao chetu namba 11 kilipigiliwa kichwa chini, ikabidi kifunguliwe chote.

Sasa hesabu unahitaji kifuniko cha rangi gani kwa wingi gani, na ongeza asilimia kumi ya akiba.

Hatua ya 5: Kukusanya

Kwanza tuelewane kwa maneno. Kizibo ni kile cha bati cha soda na bia. Kifuniko ni cha plastiki. Picha ya nje ifanyeni kwa vifuniko, kwa sababu vizibo hupata kutu na kuchuruzika ukutani.

Vyanzo vizuri ni kumbi za harusi, vijiwe vya mama lishe, stendi, na baa. Nenda mwenyewe na salamu yako. Nilipokwenda kwa mama mwenye baa jirani yetu mazungumzo yalikuwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Asante mama. Nimekuja kuomba vifuniko vya chupa za maji. Tunatengeneza picha ya mtaa."

"Vifuniko tu? Chupa zenyewe huzitaki?"

"Chupa waachie wale vijana mama, ndiyo riziki yao."

Akamwita binti wa kaunta, akamwambia kuanzia leo vifuniko viwekwe kwenye ndoo tupu ya rangi chini ya meza. Kila Jumatatu niliikuta imejaa. Na kwa kuwa alikuwa amechangia, siku ya kupigilia alikuja na wahudumu wake wawili bila kuitwa.

Bluu na nyeupe zitakuja zenyewe. Njano itakusumbua. Sisi tuliokolewa na madumu ya njano ya mafuta ya kula yaliyopasuka: tulichukua bomba la sentimita 3 lililonolewa ukingo, tukalipiga nyundo juu ya kipande cha dumu lililokwisha kuoshwa, tukapata vidonge vya njano vya ukubwa ule ule. Rangi ikikosekana tafuta kitu kingine kilichozaliwa na rangi hiyo. Usipake rangi vifuniko. Plastiki ya vifuniko haishiki rangi, na kufikia vuli inayofuata itakuwa imebanduka yote.

Miongozo mingi ya nje itakuambia ufume mifuko ya rambo. Kwetu mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo usijenge kazi yako juu ya kitu hicho. Viroba vya unga na ndala zilizokatika vipo tele.

Kuna vitu msivipokee hata vikija bure. Vyombo vya dawa za kahawa na mboga, hata vikioshwa mara saba. Sindano na chupa za hospitali. Betri. Taa za tyubu, zina zebaki ndani. Vigae vya zamani vya asbesto. Pia vyuma vya mashakani: mifuniko ya mitaro, alama za barabarani, nyaya za umeme. Akikuletea mtu, mrudishe navyo kwa upole, na umwambie mwenyekiti.

Na msiyeyushe wala kuchoma plastiki ya aina yoyote ili kuipa umbo. Moshi wake ni sumu, na wanaouvuta zaidi ni watoto waliosogea kutazama. Kuyeyusha chupa za kioo nako ni kazi ya tanuru linalofika nyuzi joto zaidi ya 1,000 na mafundi waliofunzwa, kama wale wa Shanga kule Arusha, ambako watu wenye ulemavu hutengeneza glasi na mapambo kutokana na chupa zilizotumika. Nendeni mkatazame, mtapata mori wa kuendelea na kazi yenu.

Hatua ya 6: Kuosha na kupanga rangi

Loweka usiku mmoja kwenye maji ya sabuni ya unga, suuza, anika kwenye turubai. Maji ya sabuni yamwagwe shimoni. Msioshee mtoni.

Kupanga rangi ni kazi ya wazee na watoto, na ndiyo siku yenye hadithi nyingi kuliko zote. Weka ndoo moja kwa kila rangi. Utagundua bluu ziko tano tofauti. Zitenganishe, maana bluu iliyokoza inafaa kivuli cha mlima na bluu nyepesi inafaa anga.

Hatua ya 7: Kibao cha nyumba

Plaiwudi iwe ya milimita 12. Kabla ya kugawa, pakeni rangi ya mafuta mara mbili, mbele, nyuma, na hasa kwenye kingo, kwa sababu maji huingilia kingoni na plaiwudi ikishaanza kutuna hairudi. Acheni ikauke siku mbili. Kisha piga mistari ya penseli ya kila sentimita 3.

Sasa kila nyumba, au nyumba mbili tatu pamoja, inachukua kibao kimoja, karatasi yake, mfuko wa vifuniko vilivyohesabiwa, na skrubu 400 za nusu inchi. Hela nyingi ilikwenda kwenye skrubu, na sijutii. Gundi haishiki plastiki hii. Tulijaribu aina tatu, na mvua ya kwanza iliangusha zote.

Kifuniko kinawekwa hivi. Kilaze juu ya kipande cha gogo, mdomo juu. Weka ncha ya msumari wa inchi 3 katikati ya kitako, piga nyundo mara moja, tundu limepatikana. Kipeleke kwenye kiboksi chake, mdomo ukitazama watu na kitako kikigusa ubao, ili jina la kampuni ligeukie ndani na rangi peke yake ibaki. Ingiza skrubu, kaza kwa bisibisi mpaka kifuniko kisizunguke, halafu acha. Ukizidisha robo mzunguko kitako kinapasuka kwa mlio mdogo kama wa karanga. Bibi mmoja jirani yangu, ambaye macho yake hayaoni vizuri, alifunga vifuniko karibu mia kwa kusikiliza: anakaza, anatega sikio, anaacha kabla ya ule mlio. Mjukuu alikuwa anampa rangi. Hakupasua hata kimoja.

Matundu yapigwe na watu wazima. Watoto wapewe bisibisi. Kibao kimoja kwa watu sita ni jioni mbili. Kwa mtu mmoja ni zaidi ya siku nzima na mkono unaouma. Nyumba isiyo na nafasi ifanyie barazani kwa jirani. Usichukue kibao cha watu ukakimalizia mwenyewe kwa sababu wamechelewa. Nenda na chai, kaa nao, funga vifuniko kumi, uondoke.

Nyuma ya kibao waandike majina yao kwa rangi. Hakuna atakayeyaona picha ikiwa ukutani, lakini wao wanajua yapo.

Kama hamna ukuta wala hela ya plaiwudi, ipo njia ya vizibo vya bati: vifungue vilale bapa, toboa pembe nne, viunganishe kwa waya laini mpate pazia la kuning'iniza ndani ya ukumbi. El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, anatengeneza kazi zake kubwa kwa vizibo vya alumini vya chupa za pombe na waya wa shaba, akisaidiwa na vijana wengi. Hata hiyo mnaweza kuigawa: kila nyumba mraba wake, mwisho mnashona miraba pamoja.

Hatua ya 8: Kupandisha

Kibao kilichokamilika kina uzito wa kilo 4 hivi, picha nzima ni kama kilo 64. Fundi seremala atengeneze fremu ya mbao za mbili kwa mbili na kuifunga ukutani kwa plagi, kisha vibao vikae juu ya fremu. Nafasi inayobaki nyuma inapitisha hewa, na ukuta ukilowa plaiwudi haishiki unyevu. Anzeni safu ya chini, na kila kibao kipandishwe na wenyewe. Fundi akaze tu. Pangeni iwe Jumapili alasiri, waumini wakiwa wamerudi na kabla giza halijaingia.

Pembeni wekeni ubao mdogo wenye majina ya nyumba zote zilizoshiriki, waokotaji waliotuuzia vifuniko, mama wa baa, na fundi. Aliyetoa hela asiandikwe kwa herufi kubwa kuliko aliyetoa jioni mbili.

Hatua ya 9: Baada ya hapo

Akiba ya vifuniko na bisibisi moja tumeviacha kwenye duka la mama jirani na ukuta. Kila Jumamosi ya usafi mtu anapanda ngazi, anafuta vumbi kwa kitambaa kibichi, anabadilisha vilivyopasuka. Tunabadilisha vichache tu, vingi vikiwa safu ya chini, ambako watoto hupitisha fimbo ili wasikie mlio.

Mkiona kikundi kimeshikamana na mnataka kutengeneza vitu vidogo vya kuuza, hiyo ni kazi nyingine na kikao kingine. Anzieni ofisi ya maendeleo ya jamii mjiandikishe kama kikundi, maana mikopo ya halmashauri, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, hupitia huko. Usajili wa wasanii na vikundi vya sanaa uko BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Ila picha ya ukutani msiichanganye na biashara hiyo.

Mwezi uliopita kibao namba 6 kilipoteza vifuniko vinne vya kileleni, vile visivyo na rangi. Nilikuta mtoto wa nyumba hiyo ameshapanda ngazi, bisibisi mkononi, na yule mzee chini ameshikilia ngazi akimwelekeza ni kiboksi kipi.